Mshahara wa Ng'ambo, Gharama ya Nyumbani: Hesabu ya Kupigwa Kabla ya Kusaini

Maelezo kwa wakaazi wa Mombasa, wazazi na vijana wanaotafuta kazi nje ya nchi



Kuanzia Likoni hadi Kisauni, kutoka Changamwe hadi Majengo, ni vigumu kupata mtaa usio na familia yenye mtu wake Saudia, Qatar au Dubai. Safari kati ya mwambao na Uarabuni si jambo geni. Majahazi yaliondoka na kusi na kurudi na kaskazi miaka mingi kabla ya uwanja wa ndege wa Moi kujengwa. Kilichobadilika ni msafiri. Zamani aliyeondoka alikuwa nahodha, baharia au mfanyabiashara aliyebeba bidhaa zake. Leo anayeondoka mara nyingi ni msichana wa miaka ishirini na kitu aliyeacha mtoto kwa mama yake, au kijana wa kiume aliyemaliza kozi ya ulinzi au ya udereva. Bidhaa anayobeba ni nguvu zake.

Faida ya safari hizi haipingiki. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje, kote duniani, katika mwaka wa 2024 peke yake. Ziko nyumba zilizoezekwa mabati kwa hela hizo na watoto waliomaliza shule kwa sababu yake. Ziko pia familia zilizouza shamba ili mtu asafiri, akarudi baada ya miezi minne na mkoba mtupu.

Kwa hivyo maelezo haya hayakuja kumkataza mtu kusafiri, wala kumsukuma. Yamekuja na kalamu na daftari.

Namba mbili zisizolingana

Kosa la kwanza hutokea mapema sana, siku simu inapopigwa. Wakala anasema kuna kazi ya nyumbani mjini Riyadh, riali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.75 kwa dola moja, na dola imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 129 tangu nusu ya pili ya 2024. Riali 1,000 kwa hesabu hiyo ni kama shilingi 34,400.

Msichana anayepata shilingi 25,000 katika duka au hoteli ya hapa Mombasa anasikia 34,400 na kuamua papo hapo. Wengine hupata pungufu ya hapo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida mijini kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Kwa mtu wa kiwango hicho, 34,400 ni zaidi ya mara mbili.

Lakini namba hizo mbili hazilingani, kwa sababu hazipimi kitu kimoja. Mshahara wa nyumbani unalisha mtu mmoja na nyumba moja. Mshahara wa ng'ambo unalisha nyumba mbili zilizo mbali. Kipimo cha haki ni kinachobaki mkononi mwisho wa mkataba, baada ya nyumba zote mbili kula, karo kulipwa na deni la safari kufutwa.

Hesabu ya nyumbani

Hebu ichukuliwe mfano wa msichana wa miaka 26 anayekaa Mtopanga, mwenye mtoto mmoja wa shule ya msingi, anayelipwa shilingi 25,000 katika duka la Nyali. Huu ni mfano tu, na kila familia itaweka namba zake.

Kabla hajapokea mshahara, yako makato ya kisheria. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, yaani shilingi 687.50. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 375. Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 6, yaani 1,500. Kwa mshahara huo kodi ya mapato haimfikii. Mkononi anapata shilingi 22,437.50.

Kodi ya chumba ni 5,000. Maji na umeme ni 1,500. Matatu kwenda na kurudi, shilingi 100 kwa siku kwa siku 26, ni 2,600. Chakula cha yeye na mtoto ni 7,500. Karo, daftari, sare na mahitaji mengine ya mtoto, yakigawanywa kwa miezi, ni 2,500. Simu ni 500. Mama yake aliye Kaloleni humtumia 1,500. Jumla ni shilingi 21,100. Kinachobaki ni 1,337.50.

Akikaa hivyo miezi 24 bila ugonjwa, bila matanga na bila mwenye nyumba kupandisha kodi, atakuwa ameweka shilingi 32,100. Hiyo ndiyo picha ya maisha ya wafanyakazi wengi wa kaunti hii, na ndiyo sababu hakuna haki ya kumcheka anayefikiria kusafiri. Mtu anayebakiza elfu moja na kitu kwa mwezi hana ujinga wowote anapotafuta mlango mwingine.

Hesabu ya ng'ambo

Sasa msichana huyohuyo anasafiri. Kwa hesabu ya haraka, 34,400 mara miezi 24 ni shilingi 825,600. Hiyo ndiyo namba inayozunguka vichwani na kuahidiwa majirani. Haipo.

Kwanza, mtoto amebaki kwa bibi yake Kaloleni. Kodi ya Mtopanga imeondoka, lakini nyumba ya bibi sasa inamtegemea aliye mbali. Chakula ni 8,000. Karo na mahitaji ya mtoto ni 4,000, kwa sababu vitu vidogo ambavyo mama alikuwa akivifanya mwenyewe sasa hulipiwa. Bima ya afya na matibabu madogo ni 1,500. Dharura ni 1,500. Jumla ni shilingi 15,000.

Bima hiyo ya afya inastahili maelezo. Alipokuwa dukani, makato ya kila mwezi yaliwakinga yeye na mtoto wake. Siku alipoacha kazi, makato yalikoma. Familia isipomsajili mtu katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kama aliye nje ya ajira rasmi na kulipa mchango wa mwaka mzima, ambao hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi, mtoto atabaki bila kinga. Wengi hugundua hilo wakiwa tayari kwenye foleni ya hospitali.

Pili, yeye mwenyewe ana matumizi hata kama analishwa. Simu, sabuni, dawa na nguo, riali 100 kwa mwezi, ni shilingi 3,440. Gharama ya kutuma hela na tofauti ya ubadilishaji, tuseme riali 25, ni 860. Akijiwekea NSSF kwa hiari ili miaka hiyo isipotee katika uzee wake, shilingi 1,000. Jumla yote, nyumbani na kule, ni 20,300. Kinachobaki kwa mwezi ni shilingi 14,100.

Tatu, si miezi yote 24 ya kuhesabiwa. Mshahara wa kwanza huchelewa, na upo muda wa majaribio ambapo mwajiri anaweza kumrudisha mfanyakazi. Mtu mwenye busara huhesabu miezi 22. Hiyo ni shilingi 310,200.

Nne, kuna deni la kuondokea. Katika kazi za nyumbani za Saudia, viza na tiketi ni juu ya mwajiri, lakini mtu hutumia hela kwa pasipoti, ambayo ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, kwa nauli za kwenda Nairobi, mafunzo, nguo na chakula cha kumwachia mama. Akikopa 40,000 kwenye chama na kurudisha 44,000, zinabaki shilingi 266,200.

Hizo 266,200 ndizo za kulinganishwa na 32,100 za nyumbani. Tofauti ni 234,100. Ikigawanywa kwa miezi 24, ni takriban shilingi 9,750 kwa mwezi.

Hapo ndipo swali la kweli linapoonekana. Halikuwa 34,400 dhidi ya 25,000. Swali ni kama shilingi 9,750 kwa mwezi zinatosha kuwa bei ya miaka miwili mbali na mtoto, katika nyumba ya watu, chini ya mwajiri mmoja ambaye kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwake. Kwa mwenye deni linaloelekea kuchukua shamba la familia, huenda zikatosha, na kwa mwingine zisitoshe. Jibu ni la mwenyewe na wa nyumbani kwake, lakini sharti wajibu swali hilo, si lile la kwenye simu.

Shilingi nayo hutembea

Liko jambo jingine ambalo wakala hulitaja kwa nadra. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Riali 1,000 zilikuwa kama shilingi 42,600. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu, na riali zilezile zikawa 34,400. Mwajiri hakupunguza chochote. Mfanyakazi hakukosa siku moja. Lakini nyumbani zilifika shilingi 8,000 pungufu kila mwezi, na aliyekopa akitegemea 42,000 alibaki na deni lilelile.

Kwa hiyo anayepiga hesabu ya safari aipige kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo. Shilingi ikidhoofika, atapata ziada. Ikipata nguvu, hatashtuka.

Saa nazo ni hela

Duniani kote, mfanyakazi huuza saa zake. Msichana wa duka la Nyali anayefanya kazi saa 9 kwa siku, siku 26, anauza saa 234 kwa shilingi 25,000, yaani kama shilingi 107 kwa saa. Kanuni za Saudia kwa wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinataka kazi isizidi saa 10 kwa siku na kuwe na siku ya mapumziko kila wiki. Zikifuatwa, ni saa 260 kwa 34,400, yaani kama 132 kwa saa, na juu yake chakula na pa kulala. Ni nafuu.

Zisipofuatwa, mtu akiamka alfajiri na kulala usiku wa manane, saa 15 kwa siku, siku 30 bila kupumzika, hizo ni saa 450. Kila saa inakuwa imeuzwa kwa shilingi 76. Amesafiri mbali kuja kulipwa chini ya Nyali. Ndiyo maana kipengele cha saa na cha siku ya mapumziko kina uzito sawa na kipengele cha mshahara, na anayesoma mkataba anapaswa kuvitafuta vyote vitatu.

Mwajiri asipotoa nyumba wala chakula

Hesabu iliyopita ilikuwa nyepesi kwa sababu mwajiri alitoa malazi. Kwa kazi nyingine mambo ni tofauti. Nchini Qatar, tangu Machi 2021 kima cha chini ni riali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi anaongeza riali 500, asiyetoa chakula anaongeza 300. Mlinzi anayeahidiwa "riali 1,800" na kufurahi, aulize kwanza kama ndani yake mna nyumba na chakula. Kama zimo, atajitafutia chumba na kujipikia, na kilicho chake hasa ni 1,000.

Kwa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, mfanyakazi karibu kila mara hujilipia mwenyewe. Mshahara wa pauni ukibadilishwa kuwa shilingi unaonekana kama mlima. Lakini Uingereza, pato linalozidi pauni 12,570 kwa mwaka hukatwa kodi ya asilimia 20 kwa kiwango cha kwanza, na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8 juu yake. Baada ya hapo iko kodi ya chumba, nauli ya treni au basi, na joto la nyumba wakati wa baridi, gharama ambayo mtu wa Mombasa hajawahi kuilipia maishani. Muuguzi anayepewa nafasi kule aulize bei ya chumba katika mji uleule wa hospitali itakayomwajiri, si katika nchi kwa jumla. London na mji mdogo wa kaskazini si bei moja.

Tena, tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya viza ya wahudumu wa malezi wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi. Anayeuza nafasi ya kutunza wazee kule kwa viza hiyo anauza upepo.

Mkataba uko chini ya sheria ya Kenya

Wengi hudhani mtu akishapewa kazi ya nje, sheria za hapa hazimhusu. Si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007, kuanzia kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo hawezi kuuthibitisha kabla ya kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, kwamba hakudanganywa wala kushurutishwa, na kwamba afya yake inaruhusu. Kumshawishi mtu aondoke nchini kwa kazi isiyo na mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai.

Mawakala nao husajiliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye mtandao wa mamlaka hiyo, na asiye na intaneti anaweza kuuliza katika ofisi ya leba. Leseni huwa na mwisho, kwa hiyo cheti kilichobandikwa ukutani kinasomwa hadi tarehe. Kwa kazi za nyumbani za Saudia, mkataba hupita pia katika mfumo wa serikali ya nchi hiyo uitwao Musaned. Mkataba usiomo humo ni wa kutiliwa shaka.

Kabla ya saini, mfanyakazi anahitaji kuona haya yameandikwa, kwa lugha anayoielewa: jina na anwani ya mwajiri, aina ya kazi, mshahara na sarafu yake, tarehe ya kulipwa, saa za kazi, siku ya mapumziko, likizo, matibabu, nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi, na njia ya kufuata mkitofautiana. Akisikia "hayo mtaelewana hukohuko", hajapewa mkataba.

Nakala tatu ni muhimu: moja yake mwenyewe, moja ya kubaki na mzazi au ndugu pamoja na nakala ya pasipoti na namba ya simu ya wakala, na moja katika simu au baruapepe ambayo hata simu ikichukuliwa itapatikana. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya, na mwenye haki ya kukaa nayo ni aliyepewa. Kenya ina ubalozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Namba zake zinaandikwa daftarini kabla ya kupanda ndege, si siku ya shida.

Dalili za kumkimbia mtu

Ulaghai una sura zinazojirudia. Wakala asiye na ofisi, anayekutana na watu mkahawani. Anayetaka hela za "kushikilia nafasi" zitumwe kwa simu ya mtu binafsi, bila risiti. Anayesema mtu aende kwa viza ya matembezi, atabadilishiwa akifika. Anayeharakisha, eti nafasi inafungwa kesho. Anayemwambia msichana asiwaambie wazazi hadi afike.

Iko pia kazi iliyo nzuri kupita kiasi. Katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya, wakiwemo waliosoma vyuo, waliahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa ndani ya maboma, wakilazimishwa kuwalaghai watu kwa intaneti. Serikali ilibidi iwarudishe. Elimu peke yake haikuwakinga, kwa sababu hakuna aliyeuliza mkataba huo ulithibitishwa na nani.

Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mwenye habari za wakala wa namna hiyo asinyamaze kwa kuona haya. Chifu, kituo cha polisi na ofisi ya leba ni milango ya kupeleka habari hizo. Aliyetapeliwa hana aibu yoyote ya kuibeba; aibu ni ya tapeli.

Hela zikishafika nyumbani

Hesabu yote iliyotangulia inaweza kuwa sahihi, mkataba ukawa safi, mwajiri akawa mtu mwema, na bado mfanyakazi akarudi mikono mitupu. Sehemu hii ni ya walio nyumbani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Aliye Riyadh anatuma 29,000 kila mwezi akiamini 15,000 ni za nyumba na 14,000 ni za akiba. Akiliona paa linavuja, bibi hulitengeneza. Mjomba ana mgonjwa. Kaka anataka pikipiki ya bodaboda, atarudisha. Hakuna aliyeiba. Kila shilingi ilikwenda kwa haja inayoonekana. Lakini miaka miwili ikiisha, anayeshuka uwanja wa ndege anauliza, na nyumba nzima inatazama chini. Ugomvi wa namna hiyo umewatenganisha mama na mwana.

Dawa yake ni makubaliano kabla ya safari, mbele ya mtu wa tatu anayeheshimiwa na wote. Hela za matumizi zitumwe kwa anayelea mtoto. Hela za akiba zisipite mikononi mwa mtu yeyote, bali ziende moja kwa moja katika akaunti ya benki au ya Sacco yenye jina la mfanyakazi mwenyewe. Kama ni ujenzi, mawe na saruji vinunuliwe kwa risiti na picha zitumwe kila hatua. Na familia ikubaliane mapema juu ya kiwango cha msaada kwa jamaa, ili anayekataa asionekane mchoyo. Atakuwa anafuata walichokubaliana.

Anayelea mtoto naye anastahili heshima ya kupangiwa. Bibi wa miaka 60 akiachiwa mtoto wa miaka 3 anaanza ulezi upya. Je, afya yake inaweza? Nani atamshika mkono akiugua? Mwalimu wa mtoto anajua ni nani wa kuitwa? Maswali haya hayana riali ndani yake, lakini yamewarudisha nyumbani watu wengi kabla ya mkataba kuisha, na kurudi mapema hugharimu.

Kubaki nako kuna hesabu yake

Ikiwa tofauti ya kweli ni shilingi 9,750 kwa mwezi, basi mtu ana haki ya kuuliza kama anaweza kuipata hapa, au hata nusu yake, bila kuondoka. Wako wanaoweza. Amri ya mishahara humlipa fundi mwenye cheti zaidi ya kibarua asiye nacho, na mitihani ya ufundi ya NITA hutolewa kwa madaraja hata kwa waliojifunza kazi mkono kwa mkono bila kukaa darasani. Fundi umeme, mpishi au mshonaji mwenye ujuzi lakini asiye na karatasi anaweza kuongeza thamani yake kwa kupata karatasi hiyo. Chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu kitamweleza utaratibu.

Wako wasioweza, na kwao safari ni uamuzi halali. Hata hao cheti kitawafaa, kwa sababu anayesafiri kama fundi au mpishi hulipwa na kuheshimiwa tofauti na anayesafiri bila ujuzi wa kuthibitishwa.

Anayekwenda aende na lengo lenye namba na tarehe. "Nataka kusaidia nyumbani" ni nia njema, lakini haina mwisho. Mkataba wa miaka miwili hugeuka minne, minne ikawa minane, mtoto akakua akimjua mama kwa sauti ya simu. "Shilingi 266,000 za kununua cherehani tatu na kulipia chumba cha biashara mwaka mmoja" ni lengo. Likifikiwa, linampa mtu ruhusa ya kurudi akiwa ameinua kichwa.

Basi kila familia yenye mtu aliyepewa nafasi ya kazi nje iketi jioni moja, daftari likiwa mezani. Ukurasa wa kwanza uandikwe hesabu ya nyumbani, wa pili hesabu ya ng'ambo, wa tatu jina la wakala na tarehe ya leseni yake, wa nne makubaliano ya nani atashika nini. Msafiri na anayebaki waweke saini wote wawili. Ukurasa wowote ukikataa kujaa, hiyo ni dalili kwamba wakati wa kusafiri bado. Kurasa zote nne zikijaa na bado moyo wa mtu unasema aende, basi aende salama, na arudi salama akute alichokituma.